Nili: zao lililomdai mkulima wake

Karne ya 19, nguo mbili zilitawala biashara yote kati ya Unguja na Ujiji: merikani na kaniki. Merikani ilikuwa pamba ghafi isiyotiwa rangi, iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Kaniki ilikuwa ya rangi nzito, bluu iliyokaribia weusi, na nyingi ilitoka magharibi mwa India, upande wa Kachchh na Gujarat. Misafara ya bara ilibeba majora ya nguo hizi kama fedha. Zilinunua chakula, zililipa wapagazi, zilitolewa hongo kwa watemi ili njia ifunguliwe. Mjini kaniki ilimtambulisha aliyeivaa, maana ilikuwa nguo ya mtumwa na ya mnyonge. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake wengi walioachwa huru waliiweka kando wakajifunga kanga.

Rangi hiyo ndiyo nili. Huku pwani tuliipokea ikiwa imeshaingia kwenye nguo, hivyo mambo ya shambani hayakutuhusu sana. Lakini nyuma ya rangi hiyo palikuwa na mashamba, mahodhi, wanyapara, madaftari ya madeni, madalali wa Calcutta na minada ya London. Mambo hayo yote siku hizi hufupishwa kwa sentensi mbili: Waingereza waliwalazimisha Wahindi kulima nili, kisha Wajerumani wakatengeneza nili ya kiwandani, na dhuluma ikaisha.

Sentensi zote mbili zina ukweli, lakini zinaacha maswali. Mkulima wa Bengal, mashariki mwa India, hakuwa mtumwa. Alipokea fedha mkononi na akatia alama yake kwenye mkataba. Sasa alilazimishwa vipi? Na kama kiwanda cha Ujerumani kilimaliza mambo mwaka 1897, ilikuwaje mgogoro wa nili uliompa Gandhi jina India nzima ukazuka mwaka 1917, miaka 20 baadaye?

Jani lisiloweza kusubiri

Majibu yanaanzia kwenye mmea wenyewe. Mnili wa India, Indigofera tinctoria, ni kichaka cha jamii ya kunde. Majani yake ni ya kijani, na ukiyaponda hupati bluu yoyote. Ndani yake mna kemikali isiyo na rangi iitwayo indikani. Majani yakilowekwa, vimeng'enya vinaivunja indikani na kutoa indoksili. Indoksili ikikutana na hewa inageuka kuwa bluu, na bluu hiyo haiyeyuki tena ndani ya maji.

Viwanda vya Bengal vilifanya kazi hiyo kwa mahodhi mawili ya kujengwa, moja juu, jingine chini. Mizigo ya majani na vijiti vyake ilipangwa katika hodhi la juu, ikagandamizwa kwa magogo isielee, maji yakajazwa, na yote yakaachwa yachache kwa saa kumi au zaidi. Kisha kizibo kilifunguliwa, maji ya kijani yakashuka hodhi la chini. Hapo waliingia wanaume, maji yakiwafika kiunoni, wakasimama kwa safu wakiyapiga kwa makasia saa mbili au tatu mfululizo ili hewa ichanganyike. Povu lilianza kijani likaishia bluu, na miili ya wapigaji nayo ikawa bluu. Maji yalipotulia, tope lilizama. Lilichemshwa, likachujwa, likatiwa kwenye shinikizo, kisha likakatwa vipande kama miche ya sabuni na kukaushwa polepole kivulini.

Majani kilo 100 hutoa rangi isiyofika kilo moja. Hapo ndipo pana utamu na uchungu wa biashara hii. Utamu ni kwamba bidhaa iliyokamilika ni nyepesi, haiozi, na ina thamani kubwa kwa uzito wake. Inabebeka juu ya ngamia au ndani ya jahazi miezi mingi na bado ikaleta faida. Uchungu ni kwamba jani lenyewe halisafiri wala halisubiri. Likishakatwa, linatakiwa hodhini haraka kabla halijaanza kuoza kwenye mkokoteni. Mwenye kiwanda hawezi kununua majani sokoni kama anavyonunua mchele. Anahitaji uhakika wa mashamba yanayokizunguka kiwanda, yamepandwa kwa wakati na kukatwa siku anayotaka yeye. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha habari yote, nacho husahauliwa kwa sababu macho huvutwa na rangi.

Mtia rangi naye ana kitendawili chake. Atatiaje nguo rangi isiyoyeyuka? Jibu lililogunduliwa na watu mbalimbali, kila mmoja kwake, ni kuiondolea nili oksijeni ndani ya maji yenye magadi, chokaa au majivu. Hapo inayeyuka na kuwa na rangi ya manjano ya kijani. Nguo inachovywa, inatolewa, na inapopigwa na hewa inageuka bluu mbele ya macho. Nili haizami hadi kiini cha uzi. Inashika juu juu, ndiyo maana kaniki ilipauka kwa kufuliwa, na jinzi hupauka hivyohivyo leo. Kano, kaskazini mwa Nigeria, kazi hii ilifanywa ndani ya visima vilivyochimbwa ardhini, na baadhi ya visima vya Kofar Mata vinatumika hadi sasa. Msafiri Mjerumani Heinrich Barth alipofika huko mwaka 1851 alikuta nguo za bluu za Kano zikisafirishwa hadi Tripoli upande mmoja na Timbuktu upande mwingine. Biashara hiyo ilijiendesha bila kampuni yoyote ya Ulaya.

Ngamia, marufuku ya sheria, na Carolina

Nili ilisafiri tangu zamani. Kitabu cha mabaharia wa Bahari ya Hindi cha karne ya kwanza, Periplus, ambacho pia kinaitaja Azania, yaani pwani yetu, kinaiorodhesha rangi nyeusi ya India miongoni mwa bidhaa zilizotoka bandari ya mdomo wa mto Indus. Baadaye nili bora ilitoka Bayana karibu na Agra, na Sarkhej karibu na Ahmedabad. Ilipita Ghuba, ikavuka jangwa kwa ngamia hadi Aleppo, na kufika Italia ikiwa ghali mno.

Wareno walipofungua njia ya bahari, bei ilishuka, na hapo Ulaya ikashtuka. Ulaya ilikuwa na mmea wake wa bluu, uitwao woad kwa Kiingereza, ulioleta utajiri kwa wakulima wa Toulouse na Erfurt, ingawa rangi yake ilikuwa hafifu kuliko nili. Watawala wakaukingia kifua. Mwaka 1577 Dola ya Ujerumani ilipiga nili marufuku kwa hoja kwamba ni rangi ya kishetani inayokula nguo. Mwaka 1609 mfalme Henri IV wa Ufaransa aliweka adhabu ya kifo kwa atakayeitumia. Watia rangi waliendelea kuichanganya kimyakimya hadi sheria zenyewe zikafa. Ni moja ya nyakati chache ambapo Ulaya ndiyo iliyolia kwamba bidhaa rahisi kutoka nje inaua wakulima wake.

Amerika naipitia haraka. Wahispania walizalisha nili nyingi Guatemala na El Salvador, Wafaransa wakaizalisha Saint-Domingue, Haiti ya leo, kwa jasho la watumwa. Katika miaka ya 1740, Eliza Lucas, binti aliyeachiwa mashamba ya baba yake South Carolina, alifanikiwa kuistawisha huko. Waliolima, waliopiga mahodhi, na bila shaka baadhi ya waliokuwa na ujuzi wa zao hilo, walikuwa Waafrika watumwa. Bunge la Uingereza likatoa ruzuku kwa kila ratili, na kufikia 1775 koloni hilo lilisafirisha zaidi ya ratili milioni 1 kwa mwaka. Kisha Wamarekani wakajitenga na ruzuku ikakatika. Mwaka 1791 watumwa wa Saint-Domingue wakaasi. Viwanda vya nguo vya Uingereza vikawa vinahitaji rangi kuliko wakati wowote, na chanzo chake hakipo tena chini ya bendera yao. Macho yakageukia Bengal.

Rupia mbili kwa bigha

Kasi ilikuwa ya ajabu. Mwaka 1788 asilimia 30 hivi ya nili iliyoingia Uingereza ilitoka India. Kufikia 1810 ilikuwa asilimia 95. Mahitaji ya viwanda ni nusu tu ya maelezo. Nusu nyingine ni kwamba maofisa wa Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Kiingereza iliyotawala Bengal, walikuwa na mali waliyoichuma Bengal na walitaka kuifikisha kwao. Walikabidhi fedha zao kwa makampuni ya wakala ya Calcutta, makampuni yakawakopesha wenye mashamba, mashamba yakatoa nili, nili ikauzwa London, na ofisa akapokea pauni zake akiwa nyumbani. Nili ilifanya kazi ya hawala.

Mfumo huo ulijaa mikopo kuanzia juu hadi chini. Bei ya London ikiyumba, Calcutta inaanguka. Mwaka 1830 Palmer and Company, kubwa kuliko makampuni yote ya wakala, ilifilisika, na nyingine zikaifuata ndani ya miaka michache. Mwaka 1847 Union Bank ya Calcutta, iliyokuwa imemwaga fedha kwenye nili, ikaanguka pia. Kwa hiyo mwenye shamba Mwingereza, pamoja na jumba lake la kifahari na farasi wake, mara nyingi alikuwa mdaiwa. London haikumsikiliza, Calcutta ilimdai riba. Wa kubanwa alibaki mmoja tu.

Njia iliyoonekana rahisi ilikuwa kulima mwenyewe kwa vibarua. Haikufaa. Nili ilihitaji plau na watu wakati uleule ambao kila mtu yuko kwenye mpunga. Bigha moja, kipimo cha ardhi cha huko, ilihitaji plau mbili. Shamba la bigha 1,000 lilitaka plau 2,000, pamoja na ng'ombe wa kulishwa mwaka mzima. Ndiyo maana kilimo cha namna hiyo hakikufika robo ya ardhi ya nili. Iliyobaki ilikuwa ardhi ya wakulima wadogo, na hapo ndipo penye fundo.

Mkulima alipewa fedha za kutanguliza, zilizoitwa dadan. Kawaida zilikuwa rupia 2 kwa bigha. Naye aliahidi kupanda nili kwenye kipande cha ardhi kitakachochaguliwa na mnyapara wa kiwanda, na mnyapara alichagua ardhi nzuri, ile ya mpunga. Bigha ya kiwanda ilikuwa kubwa kuliko bigha ya kijiji. Kwenye zile rupia 2 zilikatwa gharama za karatasi ya muhuri wa serikali, mbegu, na usafirishaji, halafu watumishi wa kiwanda wakachukua chao. Mavuno yalipofika, majani hayakupimwa kwa mizani. Mzigo ulizungushiwa mnyororo na kubanwa, na anayeubana alikuwa mtu wa kiwanda. Mzigo wa mkulima ulihesabiwa nusu, au robo. Mwisho wa msimu daftari lilionyesha kwamba thamani ya majani haijafikia fedha alizopewa. Tofauti iliandikwa kama deni, na mwaka uliofuata alipewa fedha nyingine juu yake, akitaka asitake.

Dawa ya deni kulipa, husema wahenga. Deni la nili halikuwa na dawa hiyo, kwa sababu kiwanda hakikutaka lilipwe. Mkulima aliyejitokeza na fedha mkononi ili afute jina lake alifukuzwa, maana aliyefuta deni angeweza kupanda mpunga. Deni lilirithiwa, mtoto alilima nili kwa sababu baba yake alipokea dadan. Kiwanda kilikuwa kimepata kile jani lilichokidai, yaani uhakika wa mashamba jirani, bila kununua ardhi na bila kununua watu.

Wengine huongeza kwamba nili ilikausha udongo hata mpunga ukashindwa kumea. Nina mashaka na hoja hiyo kama inavyotolewa. Mnili ni jamii ya kunde, na makapi yake yaliyotoka hodhini yalithaminiwa kama mbolea Bihar. Hasara kubwa ya mkulima ilikuwa kalenda: ardhi yake bora na siku zake bora za kulima zilikwenda kwa zao lisilolika, lenye bei iliyopangwa na mnunuzi.

Kwa atakayekataa palikuwa na njia nyingine. Viwanda viliajiri watu wa marungu. Wakaidi walifungiwa kwenye maghala, ng'ombe wao wakakamatwa, mpunga uliokwisha kuota ukalimwa juu. Wenye viwanda wengi walikodi haki za umwinyi wa ardhi, wakawa ndio wanaopokea pango la haohao wanaowadai. Mwaka 1830 serikali ilifanya kuvunja mkataba wa nili kuwa jinai. Kanuni hiyo ilifutwa 1835, ila mazoea hayakufutika. Baada ya vita vya 1857, uasi wa Wahindi dhidi ya utawala wa Kampuni, baadhi ya wenye mashamba walipewa hata mamlaka ya hakimu msaidizi. Mkulima akimshtaki bwana wa kiwanda, angeweza kumkuta amekaa upande wa pili wa meza.

Kilichovunja mfumo huo ni bei. Katika miaka ya 1850 mpunga na mazao mengine yalipanda thamani, gharama za ng'ombe na vibarua zikapanda, lakini mzigo wa nili ukabaki na bei ya zamani. Hasara iliyovumilika ikawa haivumiliki. Kisha ikaja karatasi. Agosti 1859, kule Kalaroa, naibu hakimu Hemchandra Kar, akifuata msimamo wa mkubwa wake Ashley Eden wa Barasat, alitoa tangazo kwamba mkulima ana haki ya kupanda anachotaka kwenye ardhi yake. Maofisa hawakuwa wametunga sheria mpya, walisema tu sheria iliyopo. Vijijini habari hiyo ilifika kama amri ya Malkia ya kukomesha nili.

Katika wilaya ya Nadia, Digambar Biswas na Bishnucharan Biswas wa kijiji cha Chaugacha, waliowahi kuwa watumishi wa kiwanda, waliongoza upinzani, na vijiji vikaapa kutopokea dadan. Wanaume walishika fimbo, mikuki na upinde, wanawake wakatoka na vyungu na vyombo vya jikoni. Wenye ardhi na wakopeshaji kadhaa wa Kibengali waliwaunga mkono, si kwa huruma tupu, maana viwanda vilikuwa vimewanyang'anya nao nafasi yao. Mwaka 1860 luteni gavana John Peter Grant alisafiri kwa meli ya mvuke kwenye mito ya Kumar na Kaliganga. Kwa mwendo wa maili 60 au 70 alikuta kingo zote mbili zimejaa watu, wanawake wakiwa vikundi vyao, wakimpigia kelele awape amri ya kutolima nili. Aliandika baadaye kwamba hajui kama kuna ofisa mwingine India aliyewahi kupita saa 14 katikati ya watu waliosimama hivyo wakidai haki.

Tume iliundwa mwaka huohuo chini ya W. S. Seton-Karr. De-Latour, aliyekuwa hakimu wa Faridpur, aliiambia kwamba hakuna sanduku la nili lililofika Uingereza bila doa la damu ya binadamu. Akasema kauli hiyo ni yake na anaisimamia kwa maana yake yote. Tume ilikubali kwamba kilimo hicho kilikuwa hasara kwa mkulima. Iliwataka waliokuwa na mikataba waitimize, kisha wawe huru. Viwanda vya Bengal ya chini vikafunga kimoja baada ya kingine. Mmisionari James Long, aliyesimamia kuchapishwa kwa Kiingereza kwa tamthilia ya Kibengali iliyoonyesha mateso hayo, alifungwa mwezi mmoja mwaka 1861 na kutozwa rupia 1,000. Mwandishi Kaliprasanna Singha aliilipa faini hiyo palepale.

Nili haikufa. Ilihamia magharibi, Bihar.

Kipimajoto kilichovunjika

Wakati huo maabara za Ujerumani zilikuwa na njaa ya rangi. Adolf von Baeyer alianza kuichunguza nili mwaka 1865, akaitengeneza kwa kemikali mwaka 1880, na mwaka 1883 akaeleza muundo wa molekuli yake. Aliitengeneza kwa gharama iliyozidi ile ya shambani. Kutoka chupa ya maabara hadi tangi la kiwanda kulichukua miaka 17 mingine na, kwa kampuni ya BASF ya Ludwigshafen, kiasi cha marki milioni 18.

Kizuizi kimoja kilikuwa kupata malighafi rahisi. Walitaka kuanzia na naftalini, ile ya vidonge vya kabatini, iliyopatikana kwa wingi kwenye lami ya makaa ya mawe, lakini kuigeuza ilikuwa polepole na ghali. Siku moja kipimajoto kilivunjika ndani ya mchanganyiko wa mkemia Eugen Sapper. Zebaki ikamwagika, na kazi iliyokuwa ikisuasua ikaenda mbio: zebaki ndiyo iliyokuwa inakosekana kama kichocheo. Mwaka 1897 nili ya BASF iliingia sokoni.

Molekuli ya kiwandani na ya shambani ni ileile, kwa hiyo maelezo kwamba rangi ya bandia ilishinda ya asili kwa ubora yanahitaji marekebisho kidogo. Tofauti ilikuwa usafi. Mche wa nili ya shambani ulikuwa na rangi halisi kwa kiwango kilichobadilika kila mwaka na kila kiwanda. Vingine ni udongo, utomvu na rangi nyinginezo. Mtia rangi wa Manchester alitakiwa kuupima kila mzigo upya. Nili ya Ludwigshafen ilifika ikiwa na nguvu ileile leo na mwakani. Bei nayo ilishuka kila kemia ilipopiga hatua.

Wenye mashamba wa Bihar walijitetea. Waliajiri wakemia, wakajaribu mbegu ya mnili wa Natal, mmea wa Afrika uliozungukia Java kabla ya kufika kwao, wenye majani yenye rangi nyingi zaidi. Haikutosha. Mwaka 1897 dunia ilizalisha tani 19,000 hivi za nili ya mimea. Kufikia 1914 zilibaki tani 1,000 tu. Kaniki iliyokuja kwetu baada ya hapo ilikuwa kaniki ileile kwa macho, na rangi yake ikitoka Ujerumani.

Kulipia ruhusa ya kutolima

Ungetarajia mkulima wa Bihar apumue. Wilaya ya Champaran ilikuwa na utaratibu uitwao tinkathia: katika kila bigha, yaani katha 20, mpangaji alilazimika kupanda nili kwenye katha 3. Ardhi nyingi ilikuwa ya himaya ya Bettiah, milki kubwa ya mwinyi wa huko, ambayo ilikuwa imezama kwenye madeni na kuwakodisha Waingereza vijiji, baadhi kwa mkataba wa kudumu, baadhi kwa muda.

Nili ya Ujerumani ilipoanza kuwaumiza, wenye viwanda walijiuliza namna ya kuachana na zao hilo bila kupoteza kipato. Sheria ya upangaji ya 1885 iliwabana: pango lisingeweza kupandishwa kwa makubaliano zaidi ya ana 2 kwa kila rupia, yaani moja ya nane. Lakini ilikuwa na mwanya. Kama mpangaji alikuwa analipa pango dogo kwa sababu analima zao fulani kwa faida ya mwenye ardhi, basi akifunguliwa kwenye wajibu huo pango lingeweza kupanda zaidi. Wakaupitia mwanya huo. Wajibu wa kulima zao lisilo na soko ukageuzwa bidhaa, na mkulima akauziwa uhuru wake.

Aina ya malipo ilitegemea nani atafaidika. Kwenye vijiji vilivyokodishwa kwa kudumu, kiwanda kilipandisha pango, ongezeko lililoitwa sharahbeshi, kwa sababu pango hilo lingeingia mfukoni mwake milele. Kwenye vijiji vya kukodi kwa muda, kupandisha pango kungemnufaisha mwenye himaya mkataba ukiisha. Huko kiwanda kilidai fidia ya mkupuo, tawan, na asiyekuwa nayo aliandikiwa hati ya deni yenye riba. Kisha vita vya 1914 vikaifungia nili ya Ujerumani, bei ya nili ya shambani ikapaa, na baadhi ya waliokuwa wanataka kuachana na zao hilo wakaling'ang'ania tena.

Rajkumar Shukla, mkulima wa Champaran, alimfuata Gandhi kwenye mkutano wa chama cha Congress, Lucknow, Desemba 1916, akamsumbua hadi akakubali kwenda. Gandhi alikiri hakuwa amewahi kulisikia hata jina la wilaya hiyo. Alifika Aprili 1917, akaamriwa kuondoka, akakataa. Tarehe 18 alisimama mbele ya hakimu wa Motihari akakubali kosa, umati ukiwa nje. Serikali ikafuta kesi. Yeye na mawakili waliomfuata wakakaa chini kuandika maelezo ya wakulima, maelfu kwa maelfu, kila mmoja akihojiwa kwa makini ili lisiingie neno lisilothibitika.

Tume iliyofuata, chini ya F. G. Sly na Gandhi akiwa mjumbe, ilipendekeza tinkathia ifutwe, na sheria ya 1918 ikaifuta. Sharahbeshi ilipunguzwa kwa kati ya asilimia 20 na 26, kutegemea kiwanda. Tawan ilirudishwa asilimia 25. Wengi walimshangaa Gandhi kwa kuridhika na robo. Hoja yake ilikuwa kwamba bwana wa kiwanda akirudisha hata kidogo, heshima iliyomlinda imekwisha. Kwa hilo alikuwa sahihi, kwani ndani ya miaka michache Waingereza wengi waliuza mashamba wakaondoka, na viwanda vya sukari vikachukua nafasi ya mahodhi. Hata hivyo hesabu ilibaki vilevile: aliyepandishiwa pango mwaka 1912 kwa kuachiwa zao ambalo soko lilikuwa limeshalikataa aliendelea kulipa kati ya asilimia 74 na 80 ya ongezeko hilo, na sasa lilikuwa halali kisheria.